Nilitunza mbegu ya kitunguu chotara, imenigeuka. Nifanyeje?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nalima vitunguu Ruaha Mbuyuni, ekari moja na nusu ya kumwagilia. Mwaka juzi nilinunua kopo la mbegu chotara, F1, nikavuna vitunguu ambavyo sijapata kuvuna maishani: vyekundu, mviringo, saizi moja. Kopo lenyewe bei yake ilinitoa jasho, kwa hiyo nikachagua vile vikubwa kuliko vyote nikavipanda pembeni ya shamba vitoe mbegu. Vilichanua, nyuki walikuja, lakini mbegu zilikuwa chache mno. Nikazisia hivyo hivyo. Nilichovuna ni vurugu: vingine vyekundu, vingine vimepauka, vingine pacha, vingine shingo nene, na vingi vilitoa maua. Jirani anasema kampuni huweka dawa ili mbegu isirudie. Nina pia mbegu ya Mang'ola Red aliyoniachia mzee. Hiyo huwa tunaichuma kwenye vitunguu vinavyochanua vyenyewe shambani, nayo kila mwaka inazidi kuchoka. Mdogo wangu yuko Uholanzi, anataka kunitumia mbegu za huko. Mimi natamani kuwa na mbegu yangu mwenyewe, nzuri. Inawezekana? Na nikiweza vitunguu, karoti na matango je?"

Ndugu yangu, inawezekana. Ila mbegu utakayoijenga si ile ya kopo. Mtaji wako ni Mang'ola Red ya mzee, hata kama leo unaiona imechoka. Una matatizo mawili, la chotara na la Mang'ola Red, ambayo kwa macho yanafanana, maana yote mawili yamekuletea maua na pacha shambani, lakini chanzo cha kila moja ni kingine kabisa. Ukiyachanganya utatibu lisiloumwa.

Tuanze na jirani. Hakuna dawa ya kuzuia mbegu isirudie. Ile rangi ya pinki au ya kijani unayoiona kwenye mbegu za kopo ni alama kwamba zimepakwa dawa ya kuua fangasi, inayolinda mche usioze kitaluni, na athari ya dawa hiyo huishia hapo hapo. Wala si mbegu iliyobadilishwa vinasaba. Chotara hupatikana kwa uchavushaji wa kawaida: mtaalamu hutengeneza koo mbili za vitunguu, kila ukoo ukiwa umezaana wenyewe kwa wenyewe vizazi kadhaa mpaka watoto wote wanafanana, kisha anapandisha ukoo mmoja juu ya mwingine. Watoto wa ndoa hiyo ndio F1. Wote wamepewa urithi wa aina moja, nusu ya mama na nusu ya baba, ndiyo maana shamba lako lilikuwa saizi moja kama limepimwa kwa kamba.

Hao F1 wakizaana wenyewe kwa wenyewe, urithi unachanganywa upya kama karata. Kwa kila jeni, yaani chembe ya urithi, ambayo babu na bibi walitofautiana, robo ya wajukuu hurudi upande wa bibi, robo upande wa babu, na nusu hubaki katikati. Sasa fikiria tabia kadhaa kwa mpigo: rangi, umbo, unene wa shingo, siku za kukomaa, wepesi wa kutoa maua. Kila kitunguu kinaokota mgawo wake. Tabia zilizokuwa zimefunikwa na mzazi mmoja zinafunuka. Vurugu uliyoiona ndiyo hiyo, na ingekutokea hata kama ungefanya kila kitu kwa usafi.

Lakini uliniambia jambo jingine ambalo ni zito zaidi: nyuki walikuja, mbegu zikawa chache. Hapo ndipo kwenye siri ya kitunguu chotara. Ua la kitunguu lina dume na jike pamoja, na ni dogo mno, huwezi kukaa kung'oa dume kwa mkono kwenye shamba zima ili kulazimisha ndoa unayoitaka. Mwaka 1925 huko Davis, California, mtafiti Henry Jones aliona katika aina iitwayo Italian Red mche mmoja ambao maua yake hayakutoa chavua hata chembe. Mche ule ungepotea, ila ulikuwa na desturi ya kuota vitunguu vidogo vidogo juu ya kichwa cha ua, akavipanda hivyo na kuuendeleza. Yeye na mwenzake Clarke walieleza mwaka 1943 jinsi utasa huo unavyorithiwa: sehemu yake inakaa nje ya kiini cha seli, kwenye ute unaotoka kwa mama peke yake, na sehemu nyingine ni jeni ndani ya kiini ambayo inaweza kuurudisha uzazi au kuuacha ulivyo. Mbegu chotara nyingi za vitunguu duniani zimejengwa juu ya ugunduzi huo. Unapanda mistari ya mama tasa kando ya mistari ya baba mwenye chavua, nyuki wanamaliza kazi.

Kwa kuwa wewe unakula kitunguu na si mbegu, kampuni haina haja ya kurudisha uzazi wa kiume kwa mtoto. Kwa hiyo chotara wengi wa vitunguu huwa tasa upande wa chavua, wote au sehemu yao. Jike lao ni zima. Uliwapanda pembeni, wakachanua, chavua ikakosekana, na mbegu chache ulizopata kwa sehemu kubwa baba yao ni vitunguu vya majirani vilivyotoa maua vyenyewe. Na watoto hao nao wamerithi ule ute wa mama. Ukiendelea nao, utasa utakuwa unajitokeza vizazi hata vizazi. Wafugaji wa mbegu huweza kuanza na chotara wakatengeneza aina mpya, nami sikuambii haiwezekani, lakini kwa kitunguu ni kazi ya zaidi ya miaka 10, na lazima uanze na chotara unayejua anatoa chavua. Kwa ekari moja na nusu sikushauri. Chotara akikulipa, mnunue kila msimu, asipokulipa, mwache.

Sasa Mang'ola Red. Hii ni aina inayozaa inayofanana nayo, na jina lake limetoka Mang'ola kule Karatu, kando ya Ziwa Eyasi. Imezoea jua letu na masaa yetu ya mchana. Kwa nini kwako inachoka? Soma tena sentensi yako mwenyewe: mnachuma mbegu kwenye vitunguu vinavyochanua vyenyewe shambani.

Kitunguu kwa asili yake ni mmea wa awamu mbili. Awamu ya kwanza mbegu hutoa kitunguu. Kitunguu hulala, hupigwa na baridi, kisha awamu ya pili huamka na kutoa maua. Kinachochanua kabla hujakivuna ni kile kilichohitaji baridi kidogo kuliko wenzake. Ndicho usichokitaka: hakikujaza, kina mti mgumu katikati, sokoni kinatupwa pembeni na ghalani kinaoza kwanza. Ninyi mmekuwa mkikipa hicho peke yake haki ya kuzaa, na vile vizuri vyote mkaviuza kwa gunia. Mwaka baada ya mwaka mmekuwa mkichagua, tena kwa ukali, isipokuwa mmechagua upande usiofaa. Hili ndilo jambo ninalotaka ulishike kuliko yote katika jibu hili. Mbegu yenu haikuzeeka. Imefuata wazazi iliopewa.

Usiitupie mbegu lawama yote, hata hivyo. Mche uliokaa kitaluni mpaka unene wake ukapita penseli, kisha ukahamishiwa shambani baridi ya Juni ikaukuta, utachanua hata kama mbegu yake ni safi. Kabla hujahukumu, angalia umri wa miche yako na mwezi uliopanda.

Namna ya kuigeuza ni hii. Msimu ujao ukilima Mang'ola Red, kila mche unaotoa maua ung'oe siku unapouona, kabla halijafunguka hata ua moja. Karibu na mavuno, pita jaruba kwa jaruba. Hapa wakulima wengi hukosea kama ulivyokosea kwenye chotara: wanatafuta vitunguu vikubwa kuliko vyote shambani. Kitunguu kilichokua peke yake mdomoni mwa mfereji, au pale mbolea ilipomwagika, kitakuwa kikubwa kwa sababu ya kiti alichokalia, na kiti hakirithiwi. Kwa hiyo chagua ndani ya kila jaruba, ukilinganisha vitunguu vilivyopata maji na nafasi sawa, wala usichukue vya ukingoni. Kila jaruba litoe vyake bora kumi hivi. Tafuta shingo nyembamba iliyofunga vizuri, majani yaliyoanguka kwa pamoja na wenzake, rangi iliyokolea, umbo unalolitaka, saizi ya kati kwenda juu. Kama shamba lilipigwa na ugonjwa wa majani uitwao baka zambarau, vile vilivyobaki na majani ya kijani katikati ya vilivyoungua vina thamani kuliko vingine vyote. Viwekee alama ya kamba mapema, kwa maana ukishavuna hutajua ni kipi.

Chagua zaidi ya unavyohitaji, 300 au 400, uviweke ghalani kwenye chanja yenye hewa kwa miezi miwili hadi mitatu. Ghala litakuchagulia jambo ambalo jicho haliwezi kuliona. Vinavyooza ondoa, vinavyochipua mapema ondoa. Siku ya kupanda, kata theluthi ya juu ya kila kitunguu kwa kisu safi utazame ndani. Chenye kiini kimoja katikati ndicho unachotaka. Chenye viini viwili au vitatu ndicho baba wa mapacha, kipeleke jikoni. Ile theluthi mbili ya chini haidhuriki, iache ikauke kidogo kisha ipande, na mara nyingi huchipua haraka kuliko kitunguu kizima.

Vitunguu mama vitakavyobaki visipungue 100, na vikifika 200 nitalala usingizi. Si hesabu ya kutafuta mbegu nyingi, maana hata 200 msimu ukiwa mzuri vinaweza kukupa karibu kilo moja. Sababu ni kwamba kitunguu hakivumilii kuzaana ndugu kwa ndugu. Kila ua hutoa chavua yake kwanza, na jike lake hukomaa baadaye, ili lipokee chavua ya ua jingine. Ukipanda vitunguu mama kumi, hata kama ni malaika, baada ya vizazi viwili au vitatu utaona miche dhaifu, mizizi mifupi, vitunguu vidogo, na utadhani ni ugonjwa.

Linafuata suala la mahali, nalo kwako ni gumu. Ruaha Mbuyuni ni bondeni, kuna joto. Kitunguu mama kinahitaji wiki kadhaa za baridi, kati ya nyuzi 8 na 13 za Selsiasi ndipo kinapoitika vizuri, vinginevyo kitatoa majani tu au kichwa kimoja kimoja. Tena umezungukwa na mashamba ya vitunguu, na nyuki hawana mpaka. Uzalishaji wa mbegu hutaka angalau kilomita 1 bila vitunguu vingine vyenye maua. Bahati yako ni mlima. Panda juu kwenye milima ya wilaya yenu ya Kilolo au maeneo mengine ya Iringa yenye baridi, utafute ndugu au rafiki mwenye robo ekari na maji ya kumwagilia kijijini ambako watu hawalimi vitunguu. Vitunguu mama viingie ardhini mvua zinapoisha, ili baridi ya Juni na Julai ivikute vimeshika mizizi, vichanue wakati wa kiangazi, na mbegu zikomae kabla mvua hazijarudi. Mvua ikinyesha juu ya maua, chavua inaharibika na vichwa vinaota ukungu. Mkiwa wakulima watano au sita mkaungana kwa kazi hii, gharama ya nauli na ulinzi itakuwa ndogo, na idadi ya vitunguu mama mtaipata bila shida. Wakati wa maua msipige viuatilifu vinavyoua nyuki, na asiwepo anayepiga jirani yenu.

Vichwa vikatwe pale ambapo kama sehemu moja ya kumi ya vifuko vimefunguka na mbegu nyeusi inaonekana. Ukisubiri vyote, nusu itamwagika. Vianike kwenye turubai kivulini, pura kwa mkono, pepeta, kisha tia mbegu kwenye maji kwa dakika chache: zilizojaa huzama, mapepe huelea. Zilizozama zitandaze zikauke siku hiyo hiyo. Mbegu ya kitunguu ina maisha mafupi kuliko mboga nyingi, kwenye joto la kwenu ikiwa kwenye kitambaa au gazeti inaweza kufa ndani ya mwaka mmoja. Kanuni ya zamani ya wahifadhi wa mbegu inasema kila unapopunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1, maisha yake huongezeka maradufu, na vivyo hivyo kila unapopunguza joto kwa nyuzi 5. Kwa hiyo ikaushe sana, uifunge kwenye chupa ya kioo isiyopitisha hewa, na uiache kule kule mlimani kwenye nyumba yenye ubaridi. Kabla ya kusia, weka mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevunyevu uhesabu zilizoota baada ya siku 12. Zikiwa chini ya 70, ongeza kiasi cha mbegu kitaluni au usiitumie kabisa.

Utegemee nini? Kuchanua ovyo na mapacha vitapungua kwa namna ya kuonekana baada ya mizunguko miwili au mitatu. Rangi na umbo pia huitika vizuri. Mavuno kwa ekari yatapanda polepole, na ukinzani wa magonjwa ni polepole zaidi, kwa sababu tabia hizo zinabebwa na jeni nyingi na hali ya hewa inazificha. Watafiti wa Ulaya walipotaka kuingiza kwenye kitunguu ukinzani wa ugonjwa wa ubwiri unyoya kutoka kwa ndugu yake wa porini, Allium roylei, iliwachukua zaidi ya miaka 20, wakiwa na maabara. Mang'ola Red yako iliyosafishwa haitakuwa saizi moja kama F1, na mnunuzi anayetaka saizi moja ataona tofauti. Mimi ningegawa shamba: sehemu ya chotara kama soko lake lipo, sehemu ya mbegu yako. Kwa namna hiyo mwaka mbaya hautakumaliza.

Mbegu za Uholanzi, mwambie mdogo wako ahsante, asitume. Kitunguu huanza kujaza pale urefu wa mchana unapofika kiwango chake. Aina za kaskazini mwa Ulaya zinasubiri mchana wa masaa 14 hadi 16. Kwetu mchana haupiti sana masaa 12, kwa hiyo zitaota, zitakuwa na majani mazuri, na zitabaki na shingo bila kitunguu mpaka uchoke. Isitoshe, mbegu kuingia nchini bila kibali cha afya ya mimea ni kosa, na ndivyo magonjwa mapya yanavyoingia.

Kuhusu karoti, tabia yake ni ile ile ya kitunguu: inataka baridi ili ichanue, inachanganya chavua, haitaki kuzaana ndugu, inahitaji wazazi wengi. Raha yake ni kwamba unaweza kukata ncha ya mzizi ukaionja kabla ya kuurudisha ardhini, ukazalisha zile tamu tu. Tango ndilo ningekupa uanze nalo kujifunzia. Linamaliza kila kitu ndani ya msimu mmoja, ua dume na ua jike vimetengana na vinaonekana kwa macho, na halidhoofiki sana hata ukitumia mimea michache. Chukua aina isiyo chotara kama Marketmore, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cornell. Jioni funga kwa uzi ua jike na ua dume ambayo kesho yatafunguka, asubuhi pakaza chavua kwa mkono, funga tena, weka alama. Tunda liache mpaka liwe la njano kabisa ndipo utoe mbegu. Tango chungu lisizae, hata liwe zuri namna gani.

Yapo mambo ambayo sitayatibu kwa maandishi. Ukiona vitunguu mama vinatoa majani yenye michirizi ya njano na kudumaa, au vinaoza kuanzia kwenye kitako penye mizizi, usiving'oe kimya kimya ukaendelea. Mwite afisa ugani avione vikiwa ardhini, kwa sababu baadhi ya magonjwa hayo hubaki kwenye udongo miaka mingi na rafiki yako wa mlimani ndiye atakayeumia. Ukitaka chanzo safi cha Mang'ola Red cha kulinganisha na ya mzee, ulizia TARI Tengeru, kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo kule Arusha. Na siku mtakapotaka kuuza mbegu kwa wengine badala ya kuitumia wenyewe, msianze kabla ya kufika TOSCI, taasisi ya serikali inayosimamia ubora wa mbegu, Morogoro, ambako kwa basi la kwenu ni safari ya siku moja. Waulizeni kuhusu mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, utaratibu uliowekwa kwa ajili ya wakulima wadogo waliosajiliwa na kukaguliwa shambani.

Ile mbegu iliyobaki ya yule chotara usiisie tena wala usimgawie mtu. Ya mzee ipime leo kwa kitambaa, uniandikie ngapi zimeota kati ya 100, na uniambie kama kuna mtu mnayefahamiana naye huko Kilolo milimani mwenye maji ya kiangazi. Nikipata hayo mawili nitakusaidia kupanga miezi.